Kabla hujaongeza jaribio lako kwenye seti ya wote

Mradi wa kwanza wa wanafunzi wa 42, shule ya programu za kompyuta iliyofunguliwa Paris mwaka 2013, unaitwa libft: unaandika upya kwa lugha ya C fanksheni za kawaida kama strlen, memmove na atoi, kisha unazitumia katika miradi inayofuata. Waliopitia ALX, mafunzo ya programu barani Afrika, wanaijua kazi ya jamii hiyo, ile ya _printf, yaani kuandika upya printf. Miradi hii huzaa seti za majaribio ambazo wanafunzi huzitunza pamoja GitHub, na anayekuja nyuma huziamini kuliko macho yake. Jaribio likikosekana, mtu hubaki na hitilafu moja. Jaribio likiwa la uongo, atabomoa msimbo uliokuwa sawa.

Uongo mwingi chanzo chake ni kimoja: mwandishi ametazama kompyuta yake inatoa nini, akakiandika hicho kuwa jibu. Chukua isalpha, inayokagua kama alama ni herufi ya alfabeti. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba yake ya C), isalpha('a') hurudisha 1024; kwenye Mac hurudisha 1. Ukurasa wa man, yaani mwongozo wa fanksheni, unaahidi tu namba isiyo sifuri. Basi linganisha hivi, ft_isalpha ikiwa ile ya mwanafunzi:

    CHECK(!!ft_isalpha(c) == !!isalpha(c));

Zungusha c kuanzia EOF (thamani ya mwisho wa faili), halafu 0 hadi 255, uishie hapo. Nje ya hapo C haiahidi lolote. Vivyo hivyo %p ya printf, inayochapa anwani ya kumbukumbu, ukiipa NULL (anwani tupu): Linux huchapa (nil), Mac huchapa 0x0. Kubali yote mawili, au liache jaribio hilo. strlen(NULL), atoi ya namba isiyoenea kwenye int, memcpy ya sehemu zinazoingiliana: haya yote hayana jibu sahihi, kwa hiyo hayana nafasi kwenye seti ya wote hata kama yanakufurahisha.

Kuingiliana ni kazi ya memmove, na hapo jaribu pande zote mbili. Ukiwa na buf yenye "abcdef", memmove(buf + 2, buf, 4) lazima itoe "ababcd". Anayenakili kutoka mbele bila kuangalia atapata "ababab". Upande wa pili, memmove(buf, buf + 2, 4), jibu ni "cdefef", na hapo atakayeumbuka ni yule anayenakili kutoka nyuma siku zote. Kwenye strncmp, inayolinganisha maandishi mawili, angalia alama tu, chanya au hasi, usiangalie namba yenyewe; ila weka strncmp("\200", "\0", 1), ambayo lazima iwe chanya. Anayelinganisha kwa char tupu bila kugeuza kuwa unsigned char atapata hasi kwenye kompyuta nyingi za mezani.

Kila jaribio liendeshwe ndani ya fork() yake, yaani mchakato mtoto, na alarm(2), inayoukatiza baada ya sekunde mbili, kwa ajili ya kitanzi kisichoisha. Bila hivyo, segfault moja (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) huua majaribio yote yaliyobaki na mwanafunzi haoni hata alama za yale aliyofaulu. Mzazi asome waitpid na WIFSIGNALED ili ripoti iseme "ishara 11" (ya segfault) na isiishie kwenye "imeshindwa". Ita fflush(NULL) kabla ya fork ili kumwaga maandishi yanayosubiri kuchapwa, na mtoto atoke kwa _exit. Ukisahau, matokeo yakielekezwa kwenye faili utaona mistari imechapwa mara mbili, na hutajua imetoka wapi.

Jaribio lenye thamani kuliko yote, na ambalo wengi hulikwepa, ni la malloc, inayoomba kumbukumbu, kugoma. Kwenye Linux, unganisha kwa -Wl,--wrap=malloc, uandike __wrap_malloc itakayoitwa badala yake, inayohesabu miito na kurudisha NULL kwenye mwito wa n. Kisha ita ft_split("a b c", ' '), inayokata maandishi kwenye kila nafasi, ukiongeza n kutoka 1 mpaka ifaulu. Kila inapogomewa irudishe NULL bila kuvujisha kumbukumbu, jambo ambalo kikagua kumbukumbu, valgrind --leak-check=full --error-exitcode=42 litakuthibitishia. Usiandike n mwisho wake ni 4, maana si kila mtu anapanga miito yake kama wewe. Kiunganishi cha Mac hakina --wrap, kwa hiyo lifungie jaribio hilo kwa #ifdef __linux__. Na jaribio lenyewe liite free kwa kila linachopokea, la sivyo uvujaji wako atatwishwa mwanafunzi.

-Werror, inayogeuza maonyo ya kompaila kuwa makosa, ni kwa mafaili ya mwanafunzi tu. Faili la majaribio liache bila hiyo, maana kompaila mpya huja na maonyo mapya, na seti nzima itagoma kwa kosa lisilo la mtu yeyote.

Kabla ya kutuma, endesha jaribio dhidi ya libc yenyewe (maktaba ya C ya mfumo), halafu dhidi ya toleo uliloliharibu kwa makusudi. La kwanza lipite, la pili lianguke. Lisipoanguka, halipimi kitu. Likianguka, ujumbe uonyeshe kilichoingizwa, kilichotarajiwa na kilichopatikana, na baiti zisizochapika zionekane kama \200, zisiwe alama za kuuliza.

Ombi moja la kuunganisha (pull request) libebe fanksheni moja. Kwenye maelezo yake taja sentensi ya man au ya karatasi ya mradi unayoipima, pamoja na toleo la karatasi hiyo, kwa sababu karatasi hubadilishwa, na atakayelifuta jaribio lako baadaye atahitaji kujua lilisimamia nini.