Ada ya Elfu Kumi Iliyonigharimu Zaidi

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka tisa aliponiambia kwamba anataka kujifunza karate. Sababu yake haikuwa ya kishujaa: rafiki yake wa dawati moja alikuwa ameanza, na kila Jumatatu alikuja shuleni na hadithi mpya. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi moja hapa Kigoma, na swali la kwanza nililouliza, kama unavyoweza kukisia, lilikuwa la bei. Kosa langu halikuwa kuuliza bei, bali kuridhika na jibu la kwanza nililopewa.

Klabu ile ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilikuwa karibu na kwetu Gungu, na tangazo lake lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme: shilingi 10,000 kwa mwezi. Nililipa siku hiyo hiyo, pamoja na 20,000 ya kujiandikisha. Wiki ya pili nikaambiwa kwamba sare sharti inunuliwe kwa mwalimu mwenyewe kwa 45,000, na kwamba iliyoshonwa na fundi haikubaliki. Mwisho wa mwezi wa pili ukaja mtihani wa mkanda, yaani wa kupanda daraja, 15,000, na cheti chake 5,000. Binti yangu, ambaye hata kusimama sawasawa alikuwa bado hajajua, alifaulu. Walifaulu pia wenzake wote, akiwamo mtoto mmoja ambaye siku ya mtihani alikuwa kwao anaumwa malaria.

Jioni ile nilichukua daftari nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutoa hata senti. Ada ya mwaka ni 120,000. Mitihani ilikuwa kila baada ya miezi miwili, yaani sita kwa mwaka, ambayo pamoja na vyeti vyake inafika 120,000 nyingine. Ukiongeza sare na kujiandikisha unapata 305,000. Mwalimu alikuwa ametuahidi kwamba watoto wetu watavaa mkanda mweusi ndani ya mwaka mmoja na nusu, na sasa nikaelewa ahadi hiyo ilitoka wapi: madaraja tisa, kila moja miezi miwili, jumla miezi kumi na minane. Ilikuwa ni ratiba ya malipo yetu, wala haikuhusiana na kile ambacho mtoto amejifunza.

Fedha peke yake pengine ningeivumilia. Kilichonitoa pale ni siku niliyofika mapema nikakuta mlango wa ukumbi umefungwa kwa ndani. Msaidizi aliyekuwa nje akaniambia, "Mama, mwalimu hapendi wazazi waangalie, watoto wanadeka." Nilizunguka hadi dirishani, nikaona watoto wakiangushana juu ya sakafu tupu ya saruji, bila jamvi wala godoro. Binti yangu hakurudi tena pale, na fedha zangu nazo hazikurudi.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume anayeishi Dodoma, ambaye amecheza karate tangu akiwa sekondari. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Dada, mkanda mweusi unauzwa dukani kama mkanda wa suruali. Usimwulize mtu kama anao, mwulize alipewa na nani, mwaka gani, na mwalimu wake mwenyewe yuko wapi sasa." Akanieleza kwamba mfumo wa madaraja ulianzia kwenye judo, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, kwa Jigoro Kano aliyefungua shule yake ya Kodokan huko Tokyo mwaka 1882, na kwamba karate iliuazima baadaye, hata mwalimu wa karate Gichin Funakoshi akatoa mikanda yake mieusi ya kwanza mwaka 1924. Hadi leo kila mtindo wa karate hupanga rangi zake na muda wake, kwa hiyo rangi iliyo kiunoni mwa mtu haikuambii mengi usipojua nani yuko nyuma yake. Kuhusu mtindo upi ni bora, alinikatiza: kwa mtoto wa miaka tisa mwalimu ni muhimu kuliko mtindo, ila akanionya kwamba michezo ya kuangushana kama judo haifai kufundishwa mahali pasipo na matandiko ya kutosha.

Nikatembelea klabu mbili nyingine. Ya Ujiji ilikuwa na mwalimu mpole sana, lakini mazoezi yalikwisha saa moja na nusu usiku, na sikuwa tayari kumpandisha mtoto daladala gizani mara tatu kwa wiki. Ya pili ilikuwa Mwanga, katika ukumbi wa shule, na ada yake ilikuwa 18,000 kwa mwezi. Nilikaribia kugeuka mlangoni niliposikia kiasi hicho.

Safari hii, hata hivyo, niliomba gharama za mwaka mzima kwa maandishi. Mwalimu hakushangaa, alichana karatasi kutoka kwenye daftari la mahudhurio, akaandika: kujiandikisha 5,000, mitihani miwili kwa mwaka kwa yule tu aliye tayari, 10,000 kila mmoja, cheti kikiwa ndani yake; sare, nunua au shona popote upendapo. Fundi wangu wa cherehani alishona kwa 22,000. Jumla ya mwaka ikawa 263,000, pungufu kwa 42,000 kuliko ile klabu ya elfu kumi. Alikubali nilipe mwezi kwa mwezi, na kila malipo aliniandikia risiti.

Nilimwuliza yale maswali ya mdogo wangu, naye akanijibu bila kukasirika, akanipa na namba ya simu ya mwalimu wake. Nilipiga, nikathibitishiwa. Niliomba pia kuona cheti cha usajili, kwa kuwa vilabu vya michezo nchini husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, akakitoa kwenye mfuko wa plastiki. Cheti hakimzuii mtu kumpiga mtoto, lakini angalau nilijua kwamba siku nikiwa na malalamiko, afisa michezo wa manispaa atajua ninamzungumzia nani.

Hata hivyo, sikuamua kwa sababu ya karatasi. Niliamua baada ya kukaa kwenye benchi la nyuma siku tatu tofauti, mbili kati ya hizo bila kutoa taarifa. Sikuwatazama watoto hodari, maana hao hupendeza popote. Nilimtazama mvulana mmoja mnene aliyekuwa wa mwisho katika kila jambo. Siku ya pili aliteleza, wenzake wakacheka. Mwalimu alisimamisha zoezi zima, akawauliza waliocheka waonyeshe hatua ile ile polepole, na wengi wao wakayumba. Hakumtukana mtu wala hakushika fimbo. Wakati wa kupambana kwa wawili wawili, ngumi za kuelekea usoni zilitakiwa kuishia hewani, na aliyegusa alitolewa nje akapumzike. Alikuwapo pia msichana mkubwa aliyewasaidia mabinti kufunga mikanda yao, na hakuna mtoto aliyebaki peke yake na mtu mzima hadi mzazi wa mwisho alipofika. Nilipouliza mtoto akiumia itakuwaje, mwalimu alinionyesha sanduku la huduma ya kwanza na kunitajia dereva wa bajaji aliyekubaliana naye kuwapeleka hospitali ya Maweni.

Mwezi wa sita ulipofika wakati wa mtihani, nilitoa 10,000 mapema kama mtu mwenye adabu ya kulipa. Siku mbili kabla, mwalimu aliniita pembeni. "Mama, huyu bado. Mguu wa nyuma anausahau. Tumngoje hadi Novemba." Akanirudishia noti yangu ile ile, ikiwa bado imekunjwa nilivyomkabidhi. Binti yangu alilia ndani ya bajaji kutoka Mwanga hadi Gungu, na nilipomwuliza kama anataka kuacha, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi, kisha akaniomba nihesabu siku zilizobaki kufika Novemba.