Barua ya Idara na Ufunguo wa Sanduku

Nilikulia Kirumba, jijini Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na kabla sijajua kusoma nilikwishajua kuwatofautisha furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa rangi za mapezi yao. Nilipokwenda Uingereza kusomea ikolojia ya maziwa, sikutarajia kwamba katika semina ya kwanza kuhusu Ziwa Victoria ningeulizwa, mbele ya wenzangu wote, kama kweli insha yangu niliiandika mwenyewe. Mhadhiri hakutukana wala hakupaza sauti, na hapo ndipo penye ugumu, kwani ubaguzi wa rangi vyuoni mara nyingi huja umevaa joho.

Kwetu, tangu mitihani ya darasa la saba, mtahiniwa hutambulishwa kwa namba, hivyo msahihishaji hajui anayemsahihisha ni nani. Kule nako mitihani ilisahihishwa kwa namba, lakini uteuzi wa wasaidizi wa utafiti, barua za mapendekezo na orodha ya waandishi wa makala viliamuliwa kwa majina na nyuso, aghalabu katika mazungumzo ambayo mimi na wenzangu weusi hatukualikwa. Takwimu nilizokusanya kwa miezi kadhaa katika Ghuba ya Mwanza, kuhusu sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na furu waliotoweka baada yake, zilichapishwa huku jina langu likiwekwa kwenye shukrani, pamoja na la nahodha wa mtumbwi. (Nahodha huyo, kwa haki, alistahili zaidi ya shukrani.)

George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi huko Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, idara ilitutumia barua ndefu ya kutufariji. Tulipouliza malalamiko yapelekwe kwa nani, tuliambiwa yapelekwe kwa mkuu wa idara, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa makala yale yaliyotumia takwimu zangu. Msaada wa kweli ulitoka kwa mhadhiri mmoja asiyependa hotuba: alidai kila mwanafunzi awe na msimamizi wa pili kutoka idara nyingine, haki ya uandishi ikubaliwe kwa maandishi kabla ya mtu kwenda uwandani, na kila lalamiko lijibiwe katika siku zilizotajwa. Alipingwa vikao vitatu mfululizo, kisha akakubaliwa nusu nusu.

Sasa nafundisha hapa Mwanza, na ningependa kusema kwamba mambo hayo niliyaacha ng'ambo. Muhula uliopita mwanafunzi wangu mwenye ualbino, ambaye haoni ubao hata akikaa mstari wa mbele, aliniambia kwamba ameomba maandishi makubwa mara mbili na kujibiwa kwa mzaha juu ya rangi yake. Nikauliza malalamiko yetu hupelekwa wapi. Nikaonyeshwa sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, nami nikauliza ufunguo wake anao nani. Anao mkuu wa idara.