Mama aliomba maji ya Lurdi, mwenzangu akaomba ushahidi

Mama alinipigia simu kutoka Rombo akiwa na ombi moja. Hakutaka hela wala dawa. "Mwanangu, nimesikia hapo unapokaa ni jirani na Lurdi kwenyewe. Niletee maji."

Ninaishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, huu mwaka wa tisa. Natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Lurdi ya mama ndiyo Lourdes, mji ambao Wakatoliki tunaamini Bikira Maria alimtokea binti Bernadeta pangoni mwaka 1858, na maji ya chemchemi ya pale watu huyaendea wakitafuta kupona. Kutoka stesheni ya Matabiau hadi Lourdes ni kama saa mbili kwa treni, milima ya Pyrénées ikikufuata upande wa kushoto. Aliyelelewa kwenye parokia za kwetu ataelewa nilivyojisikia siku ya kwanza nilipolisoma jina hilo kwenye ubao wa stesheni, limeandikwa na saa ya kuondoka kama safari nyingine yoyote. Kwetu kila kanisa lina groto lake, mfano wa pango lile: mawe yaliyopangwa kwa mkono, Bikira Maria mwenye mshipi wa buluu, Bernadeta amepiga magoti chini, na maua ya plastiki ambayo akina mama wa jumuiya huyaosha kila mwezi Mei unapokaribia. Utotoni nilidhani Lurdi ni mahali kama Edeni, ambapo hapafikiki kwa tiketi.

Nikaenda. Mabomba yako kando ya pango na maji ni bure, chupa ndizo zinazouzwa madukani. Nilijaza ya lita moja, nikapitiliza nayo kazini maana zamu ilikuwa inaanza usiku uleule, nikaiweka mezani kwenye chumba cha wauguzi.

Muuguzi niliyekuwa naye zamu ile ni Mfaransa na hana dini. Ni mmoja wa watu wapole kabisa niliowahi kufanya nao kazi. Mzee akikata roho, yeye ndiye humfumba macho, na huendelea kumsemesha taratibu anapomwosha, kana kwamba bado anasikia. Akaitazama ile chupa, akaniuliza, "Mna ushahidi kwamba yanaponya?" Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua kweli. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa, niliyesoma katekisimu, niliyepewa kipaimara, nikakosa la kusema.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe swali lake liliulizwa mjini humuhumu Toulouse mwaka uleule wa 1858. Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14 wa familia iliyofilisika, alikuwa ameanza kumwona Bibi pangoni Massabielle tarehe 11 Februari. Chemchemi ilitokea tarehe 25 mwezi huohuo, alipofukua tope kwa mikono. Watu wakaanza kuchota na kupona, na wengine kudai wamepona. Viongozi wa mji wakataka kujua kilichomo. Maji yakaletwa kwa mwanakemia Filhol, profesa wa hapa Toulouse, naye mwezi Agosti akatoa jibu lake: ni maji ya kunywa ya kawaida, yanafanana na ya chemchemi nyingine za milimani, wala hayana kitu ndani yake kinachoweza kutibu.

Jibu hilo Kanisa halikulizika. Mpaka leo wahudumu wa pale watakwambia wazi kwamba maji ni maji. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mama, na nikaogopa kidogo kumwambia.

Lililonishika zaidi ni ile ofisi ya madaktari. Tangu 1883 pale Lourdes ipo ofisi ya kuchunguza watu wanaosema wamepona. Daktari yeyote anayepita mjini, awe Mkristo, Mwislamu au asiyeamini lolote, anaruhusiwa kuingia, kusoma faili na kuuliza maswali. Wanataka kujua mambo magumu. Ugonjwa ulikuwa mzito kweli, na ulithibitishwa kwa vipimo kabla? Kuna dawa au upasuaji unaoweza kuwa ndio uliomponya? Kupona kulikuja ghafla, na kwa ukamilifu? Kumedumu? Asili ya vigezo hivi ni Kardinali Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XIV katika karne ya 18. Madaktari hawatamki neno "muujiza". Wao husema tu kwamba kwa elimu ya tiba ya leo hawana maelezo. Neno lile huachiwa askofu wa jimbo anakotoka mgonjwa, naye anaweza kukataa.

Tangu mwanzo walioandikishwa kuwa wamepona ni zaidi ya 7,000. Waliotambuliwa kuwa ni muujiza, hadi Aprili 2025, ni 72.

Hebu mtazame Sista Bernadette Moriau. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo ilikuwa imeharibika kwa miaka mingi, akawa anaishi kwa mofini na vyuma vya kushikilia mwili. Julai 2008 alikwenda Lourdes, akarudi kwenye nyumba yao ya kitawa, na siku chache baadaye akavivua vyuma vile na kutembea. Ungedhani kengele zingepigwa kesho yake. Zilipita karibu miaka kumi ya vipimo na vikao kabla askofu wa Beauvais hajatamka, tarehe 11 Februari 2018. Yupo pia John Traynor wa Liverpool, askari aliyeumizwa Vita Kuu ya Kwanza, mkono umepooza, kifafa kinamwangusha. Alipona Lourdes mwaka 1923, akarudi kwao akafanya biashara ya makaa ya mawe, anabeba magunia mwenyewe. Serikali ya Uingereza iliendelea kumlipa pensheni ya ulemavu, kwa kuwa kwenye karatasi zake alikuwa mtu asiyeweza kupona. Kanisa lilimtambua Desemba 2024, akiwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 80.

Nilimsimulia mwenzangu haya usiku mmoja tukikunja mashuka. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Lakini kama anaweza, mbona 72 tu? Na mbona hakuna aliyeota mguu uliokatwa?"

Sikumjibu, wala sikuona aibu kutojibu. Nimewaona pale wazazi waliomleta mtoto akiwa hana nywele kwa dawa za kansa, wakamrudisha vilevile. Mtu anayedhani ana jibu la swali lile akamwambie mama wa mtoto yule ana kwa ana.

Sasa niseme kwa nini neno "muujiza" lilikuwa limenitia uchungu hata kabla ya Mfaransa huyu. Miaka minne iliyopita jirani alimchukua mama kwenye mkutano wa maombezi. Mama alikuwa na presha ya siku nyingi, na dawa zake alizimeza kila asubuhi na uji. Mhubiri akawaambia waliofika kwamba anayeendelea kumeza vidonge baada ya kuombewa anamwambia Mungu "sikuamini". Mama alipanda jukwaani akatoa ushuhuda kwamba amepona. Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyempima presha, si kabla, si baada. Vidonge akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akavifungia kabatini. Wiki ya tano kiharusi kikampiga akiwa anachambua maharage uani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia mpaka leo havina nguvu, na maneno yake hutoka moja moja.

Kaka aliponipigia nilikuwa kwenye basi, nikashuka kituo kisicho changu nikakaa kwenye benchi. Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Mama mwenyewe, ulimi mzito, aliniambia, "Labda imani yangu ilikuwa ndogo." Mtu ameibiwa afya yake, halafu anabebeshwa na lawama.

Kwa hiyo nikisikia Mkristo mwenzangu akisema kudai ushahidi ni kukosa imani, namuona mama anachambua maharage. Anayesema "nimepona" amesema jambo la mwilini, na la mwilini hupimika. Kumpima presha mama yangu siku ile kusingemvunjia Mungu heshima. Wale madaktari wa Lourdes, kwa faili zao na vikao vyao vya miaka, wanamheshimu Mungu kuliko jukwaa lile, maana wanakataa kumsingizia kazi ambayo hakuifanya.

Maandiko nayo hayauogopi ushahidi. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya ufufuko hakuwaambia wafumbe macho waamini. Alitaja waliomwona Bwana, akaongeza wale zaidi ya mia tano, "katika hao wengi wanaishi hata sasa". Anayeandika hivyo anakwambia nenda kaulize. Tomaso naye hutumiwa kwenye mahubiri kama fimbo ya kumchapia mwenye mashaka, ila someni vizuri Yohana 20. Bwana hakumfukuza. Alimwambia, "Lete hapa kidole chako." Na alichopewa Tomaso kukigusa kilikuwa kovu. Ushahidi wa Mfufuka ulikuwa alama za misumari ambazo hata ufufuko haukuzifuta. Jambo hili lilinipitia miaka yote mpaka nilipoanza kusukuma viti vya wagonjwa.

Maana baada ya ile safari ya kwanza niliendelea kurudi. Nikijaliwa likizo huenda na mahujaji wa jimbo kama mhudumu wa kujitolea. Tunawalisha, tunawageuza, tunawasukuma kwenye maandamano ya mishumaa usiku. Pale mgonjwa hutangulia kila mahali, mzima hufuata nyuma. Safari moja nilikuwa na mzee ambaye vidole vyake vimejikunja kabisa, nikawa nimemfungia mshumaa wake kwenye mkono wa kiti kwa utepe. Alikuwa ameshakuja mara kumi na tisa. Nikamuuliza huwa anaomba nini. Akanijibu kwamba mara tatu za mwanzo aliomba mikono. Baadaye aliacha, na alikuwa ameshasahau ni mwaka gani. Nta ilikuwa inamdondokea kwenye blanketi, akaniomba nisiipanguse, ipoe kwanza.

Hata Bernadette mwenyewe hakupona. Pumu ilimsumbua tangu utoto, na chemchemi ile aliifukua kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1866 alikwenda Nevers, mbali na Lourdes, akawa mtawa, akawauguza masista wagonjwa hadi yeye alipokuwa mgonjwa kuliko wao. Kifua kikuu kiliingia kwenye mfupa wa goti. Alikufa tarehe 16 Aprili 1879, ana miaka 35. Bibi aliyemtokea alikuwa amemwambia mapema kabisa kwamba hamwahidi furaha ya dunia hii. Mhubiri wangu yule asingempa Bernadette nafasi jukwaani.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi kama imani yahitaji ushahidi, nakutuma kwenye Danieli 3. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa. Halafu wakasema neno ambalo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wa maombezi: "Bali kama si hivyo." Waliamini kwamba anaweza, na hawakumpa masharti. Mimi naamini Sista Moriau aliponywa. Nimesoma habari zake na sioni njia nyingine ya kuzielewa. Lakini kesho daktari akileta maelezo, Jumapili nitakwenda Misa kama kawaida, kwa sababu si kwa ajili ya faili lake nilianza kwenda.

Mwenzangu hajawa Mkristo. Tulizungumza tena juzi, akaniambia anachokiheshimu ni kwamba nimeweza kumwambia ukweli kuhusu Filhol. Nami namwombea, anajua, na hakasiriki.

Chupa ya kwanza ilifika Rombo mikononi mwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Kabla haijafika nilimweleza mama yote kwa simu: profesa wa Toulouse, maji ya kawaida, 72 kati ya zaidi ya 7,000. Nilimsihi vidonge asiache hata siku moja. Akasema, "Hayo nimeshajifunza." Kisha kimya, nikasikia kuku uani.

Mwezi uliopita nikamuuliza kama bado anayo maji. Akaniambia yaliisha zamani, yeye alinywa kifuniko kimoja siku yaliyofika. Mengine aliyagawa: kwa mjukuu wa jirani mwenye selimundu, kwa mzee wa jumuiya aliyevunjika nyonga, kwa yule jirani aliyempeleka mkutanoni, ambaye sasa anaugua tumbo. Anasali nao rozari kila Alhamisi, yeye ndiye anaongoza, neno moja moja, nao wanamsubiri. Nikamuuliza ameona mabadiliko gani. Akasema tumbo la jirani bado, kwa hiyo amemwambia kaka ampeleke hospitali akapigwe picha.

"Ukija Desemba," akasema, "leta chupa tatu."

Zipo tayari, nimezifunga kwenye taulo katikati ya sanduku. Uzito nimeshaupima.