Siku moja ya nahodha asiye na chombo

Hapa Amu, yaani Lamu, ukiita "Nahodha!" gatini, wa kwanza kugeuka ni mwenye boti. Mimi wa mpira hugeuka wa pili, tena kwa haya. Watu hudhani kazi yangu ni kuvaa kitambaa mkononi na kusimama kati refa akirusha shilingi. Basi niwasimulie Jumamosi tuliyokwenda kucheza Faza, kisiwani Pate.

Saa kumi na moja alfajiri. Sijatoka kwenda kuswali, simu tayari ina ujumbe kumi na tisa. Mmoja auliza jezi ziko kwa nani, mwingine ana homa, wa tatu ataka kujua kama huyo wa pili ana homa kweli. Usiku nilikuwa nimewaandikia wote, mara mbili: boti saa moja kamili, ni bamvua, saa nne Mkanda kutakuwa kumekauka.

Kwa msiopajua, Mkanda ni mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Ndiyo njia ya ndani ya kwendea Pate. Maji yakipwa, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hupwa sana, boti huwa kama gogo.

Saa moja tuko gatini watu kumi na watano. Winga hayupo.

Saa moja na nusu nimempigia mara sita. Ya saba akapokea, eti yuko njiani, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya chandarua. Kochi akaniambia, "Mwambie asije, na jezi airudishe." Nikamwambia, "Ndugu yangu, kochi akungoja, fanya hima." Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kama mlikuwa hamuijui. Mwenye boti naye: "Mwanangu, mai hayangoji mtu. Mwambie huyo kochi wako." Kochi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake.

Tuling'oa nanga saa mbili na nusu, winga akitafuna mahamri.

Tukakwama. Mashini ilikoroga tope mara mbili, mwenye boti akaizima, akajifunika kilemba usoni akalala. Hakusema neno, na kimya chake kilituumiza kuliko matusi. Jua likapanda. Boti haina turubai. Beki akasema ni kosa la winga, winga akasema ni kosa la mwezi. Kochi akaniuliza maji yatarudi saa ngapi; nikamuamsha mwenye boti kwa adabu, "Samahani ami, kochi auliza..." Akajibu bila kufungua macho, "Yakirudi." Nikamgeukia kochi: "Asema mchana mchana hivi, inshallah." Kipa wetu ni mdogo kuliko sote, mamake akanipigia mimi, si yeye: mwanangu amekula? Nahodha wa wenyeji akapiga: mwaja ama hamji? Aliyebaki nyumbani na homa akaandika kwamba sasa yu mzima, je, boti imeshaondoka? Maji ya kunywa yalikwisha saa tano. Saa sita chaji ya simu ilikuwa haifiki robo, na nilikuwa sijagusa mpira wala sijafikiria mpira, koo limenikauka kwa kusema maneno ya watu wengine.

Maji yalirudi polepole. Faza tuliingia saa tisa kasoro, na saa kumi tukacheza.

Refa alituita manahodha wawili kabla ya kuanza: atakayekuja kusema naye ni nahodha peke yake. Utaratibu huo wengi waliuona Euro ya 2024 kule Ujerumani. Nahodha akiwa kipa, huteuliwa mchezaji mwingine wa uwanjani aende badala yake. Nami nawakumbusha wenzangu kila siku kwamba kwa Sheria ya 3 ya mpira nahodha hana cheo wala upendeleo wowote mbele ya refa, ana jukumu tu kwa mwenendo wa timu. Yaani mzigo bila mshahara.

Kipindi cha pili, penalti dhidi yetu. Wenzangu watano wakamkimbilia refa. Niliwakimbilia wao kwanza, nikawasukuma nyuma, ndipo nikamwendea, mikono mgongoni. "Refa, nifahamishe tu nikawaeleze." Akasema mkono wa beki ulikuwa umetanuka mbali na mwili. Nilipomfikia beki alikuwa akitetemeka. "Umenipiga kifuani! Mwambie yeye ni kipofu."

"Nishamwambia," nikasema.

Akatulia. Mpira wenyewe ulimpiga wapi, wallahi mimi sikuona.

Tulifungwa hilo moja. Winga aligonga mwamba dakika za mwisho na kochi akashika kichwa, sijui kwa huzuni au kwa kuwa alikuwa ameanza kumsamehe. Kumshukuru refa, kumpa mkono nahodha wao, kuhesabu jezi, hayo hupita tu.

Wenyeji walitulaza, walitupa wali na samaki, Mungu awajaze. Sauti imenikatika. Saa nne usiku, kila mtu amelala ila mimi na simu yangu kwenye chaji, ukaingia ujumbe wa winga kutoka chumba cha pili: "Nahodha, kesho boti saa ngapi?"

Boti ni saa moja. Nikamwandikia saa kumi na moja na nusu.