Nilivyoimaliza pakeji ya bayolojia na fizikia likizo ya mwezi wa sita

Mi nipo kidato cha nne shule ya kata huku kanda ya ziwa, na likizo ya mwezi wa sita tulipewa pakeji nene ya masomo yote. Historia na Kiswahili nilizimaliza mapema ila bayolojia kwenye jenetiki, yani mambo ya kurithi, na fizikia kwenye mwendo nikakwama kabisa, mwalimu wa fizikia alihamishwa na mwingine hajaja, wa bayolojia naye alishaenda kwao. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa ukiuliza unarushiwa picha ya majibu tu, njia hakuna, na kila mtu ana jibu lake.

Mtaani kwetu kuna dada anasoma chuo cha ualimu, nikamfata, shikamoo dada, naomba unisaidie jenetiki sijaelewa. Akaniuliza hujaelewa nini, nikasema yote. Akacheka sana, akasema yote siiwezi mdogo wangu, kaandike swali, andika ulichopewa, anza kufanya, pale kalamu itakapogoma weka alama uniletee. Kiukweli nilinuna maana nilitaka anifundishe tu kama darasani, ila nikarudi nyumbani nikafanya.

Swali lilikuwa la sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. A ni jeni nzima, S ni jeni ya ugonjwa, na kila mtu ana mbili, moja katoka kwa baba moja kwa mama. Baba AS na mama AS, yani wenyewe hawaumwi ila kila mmoja kabeba S, onesha watoto watakavyokuwa. Kumbe hiyo sehemu naiweza, ukichora kale kaboksi ka vyumba vinne unapata AA mmoja, AS wawili, SS mmoja, na huyo SS ndo mwenye ugonjwa. Kalamu iligoma kipengele cha pili, kama mtoto wa kwanza ni SS, uwezekano wa mtoto wa pili kuwa SS ni kiasi gani. Mi kichwani naona mmoja kati ya wanne si keshatoka, basi watatu wanaofata wazima. Na hili halikuwa la daftari tu, shangazi yangu ana mtoto wa sikoseli, na mjomba mumewe huwa anasema hivohivo kabisa, "yule keshabeba zamu yake, wengine watakuwa salama".

Dada akatoa sarafu mbili za shilingi mia. Akasema upande wa Mwalimu Nyerere ni A, upande wa swala ni S, sarafu moja baba nyingine mama, rusha zote kwa pamoja uandike. Nikarusha nikaandika, nikarusha nikaandika, mara ikatoka swala swala, nikafurahi nikasema huyo ndo SS wetu, nikarusha tena ikatoka swala swala vilevile! Akaniuliza sasa hizi sarafu zinajua kwamba saa hizi umetoka kupata SS? Hapo nikaelewa bila kuelezwa zaidi, kila mimba inaanza upya, robo ileile, hata kama wa kwanza na wa pili wote wanaumwa, na pia familia inaweza kupata watoto sita wazima kabisa wasijue kwamba baba na mama wote ni AS.

Tukaendelea mpaka ukurasa ukajaa, tukahesabu, SS zikawa karibu na robo ila sio robo kamili, nikauliza mbona haikai sawa. Akaniambia hata Mendel haikumkalia sawa. Huyu ni yule mtawa wa Brno, siku hizi ni Jamhuri ya Czech, aliyepanda njegere akachapisha matokeo mwaka 1866, na kwenye kizazi cha pili alipata mbegu za mviringo 5,474 na zenye mikunjo 1,850, gawanya utaona ni 2.96 kwa 1, sio 3 kwa 1 kamili, yani robo tatu kwa robo. Ukihesabu chache inayumba sana, ukihesabu nyingi inasogea. Kilichonichekesha ni kwamba Mendel mwenyewe alifeli mtihani wa kupata cheti cha ualimu, na alipopelekwa chuo kikuu cha Vienna alisoma fizikia, mmoja wa walimu wake akiwa Doppler, yuleyule wa mambo ya mawimbi. Yani haya masomo mawili yaliyonitesa mimi yeye alikuwa nayo yote kichwani.

Fizikia sasa. Basi liko spidi ya kilomita 72 kwa saa, dereva anakanyaga breki, linasimama baada ya sekunde 5, tafuta limepunguza kasi kwa kiasi gani na limekwenda umbali gani. Data nikaandika vizuri, nikagawanya 72 kwa 5 nikapata 14.4, nikaweka alama nikapeleka. Dada akauliza swali moja tu, 14.4 ya nini? Nikawa sina jibu, maana hapo kuna kilomita, kuna saa, kuna sekunde, vyote kwenye namba moja. Basi badilisha kwanza, 72 mara 1,000 gawa kwa 3,600 ni mita 20 kwa sekunde, gawa kwa 5, kasi inashuka mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Umbali sasa, kasi inatoka 20 mpaka 0 kwa usawa kwa hiyo wastani ni 10, mara sekunde 5 ni mita 50. Fomula nikaziangalia baadae nikakuta zinasema kitu kilekile.

Halafu akanichokoza, kama lingekuwa spidi 36 na breki zilezile? Nikajibu haraka mita 25. Akasema hesabu. Mita 10 kwa sekunde, linasimama kwa sekunde 2.5, wastani 5, umbali mita 12.5! Muda umekatwa nusu na wastani nao umekatwa nusu, kwa hiyo umbali unabaki robo. Nilimwambia bro anayeendesha boda akabisha, anasema breki ikiwa nzima ni nzima, mpaka leo hatujaelewana.

Kwa shangazi nilienda na sarafu zangu, nikawarushia pale sebuleni yeye na mjomba, mjomba akakaa kimya ila wiki iliyofata walimuuliza nesi kliniki ya sikoseli na akawaambia vilevile. Nesi akasema pia kwa kuwa shangazi lazima ana S na ni dada wa baba yangu, na sisi tukapime. Tumepima, mzee ni AS, mi ni AA, mdogo wangu wa kiume ni AS. Kwa hiyo yeye haumwi, ila siku akileta mchumba nyumbani swali la kwanza mi ndo nitaliuliza.