Kumbukumbu ya mradi: kung'arisha alumini ya pikipiki, kava za injini

Kava ya klachi imemalizika, ya upande wa magneto (kizalisha umeme cha injini) imefika msasa wa 600 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), na miguu ya shokapu za mbele bado inasubiri zamu yake. Ninachokitafuta tangu mwanzo ni alumini tupu: isiyo na rangi, isiyo na vanishi, isiyopakwa kromu. Kromu inang'aa kwa ubluu fulani wa baridi. Alumini iliyosuguliwa vizuri ina weupe laini zaidi, na kwangu mimi huo ndio uso unaoifaa injini.

Kazi ya kwanza haikuwa msasa, ilikuwa vanishi. Kava nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vanishi angavu juu, na macho peke yake hayaioni. Njia ninayoitumia kuitambua ni kitambaa cheupe chenye krimu kidogo ya kung'arisha metali. Ukisugua sehemu ndogo na kitambaa kikageuka cheusi hapo hapo, umegusa alumini yenyewe. Kikibaki na rangi ya krimu, unasugua vanishi, na hata ukisugua mchana kutwa hakuna kitakachobadilika chini yake. Kwenye kava yangu ya klachi kulikuwa na dalili nyingine pia: mistari myembamba myeupe iliyokuwa ikitambaa chini ya vanishi kuanzia kwenye bolti. Hiyo ni kutu ya alumini. Unyevu na chumvi huingia pale vanishi ilipochubuka, kisha kutu inajichimbia njia chini kwa chini.

Nilivua sili na oringi zote (mipira ya kuzuia oili isivuje), nikapaka dawa ya kutoa rangi ya aina ya jeli, nikaiacha mpaka vanishi ikajikunja, nikaikwangua kwa kipande cha plastiki. Glavu nzito, miwani, na kazi ifanyike nje penye hewa.

Vipuri vilivyofanyiwa anodaizi, yaani vilivyojengewa tabaka gumu juu kwa umeme, kama mikono ya breki na baadhi ya rimu, ni habari nyingine kabisa. Lile tabaka la juu ni oksidi ya alumini, gumu kuliko alumini yenyewe. Msasa unaliondoa kwa shida. Kostiki soda inaliondoa, lakini ikishalimaliza inaendelea kula alumini yenyewe huku ikitoa joto na gesi ya hidrojeni, na inaacha masizi meusi. Anayeitumia atie soda kwenye maji, asimwage maji juu ya soda, na asimame pale pale mpaka amesuuza. Kava zangu hazina anodaizi, kwa hiyo sikuihitaji.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kusaga chochote: baadhi ya kava za injini ni za magnesiamu, si alumini. Utazijua kwa wepesi wake, maana magnesiamu ina gramu kama 1.7 kwa kila sentimita ya ujazo na alumini ina 2.7. Unga wa magnesiamu unashika moto kwa urahisi na kuuzima ni shida. Ukiwa na shaka, usisage.

Sasa msasa, ambao ndio mradi wenyewe. Watu wengi huuliza nimetumia pasta gani ya kung'arishia, lakini mng'aro unapatikana au unapotea kwenye msasa. Gurudumu la pamba la kung'arishia halifuti mkwaruzo wa 320, linaung'arisha tu, nao unaonekana zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo kila namba ina kazi moja: kufuta mistari yote ya namba iliyotangulia. Nilianza na 240 pale tu palipokuwa na mikwaruzo mirefu ya mawe, sehemu nyingine zote 320, kisha 400, 600, 800, 1000 na 1500. Kila nikibadilisha namba nabadilisha na mwelekeo. Kama 320 ilikwenda kwa mapana, 400 inakwenda kwa marefu. Mstari wowote unaokatiza ni wa zamani, na husongi mbele mpaka uishe.

Nasugua kwa maji yenye tone la sabuni. Taa naiweka chini, pembeni, mwanga upite juu ya uso badala ya kuupiga kwa mbele. Kwenye mwanga wa juu kava yangu ilionekana safi kabisa ikiwa 600, lakini taa iliposhuka usawa wa meza ukatokea mkwaruzo mmoja wa 320 uliozunguka nusu ya mduara karibu na mdomo wa kujazia oili. Nikarudi 400 eneo lile tu, nikapanda tena. Kila ninapopanda namba naosha kava, mikono na beseni, kwa sababu chembe moja ya msasa mkali ikibaki kwenye maji inaharibu kazi ya saa nzima.

Alumini ya kumimina ina tabia yake. Huchanganywa na silikoni ili itiririke vizuri ndani ya kalibu, na silikoni hiyo huifanya ing'ae kijivu kidogo kuliko alumini ya kufua au ya bati. Tena ngozi yake ya juu hupoa mwanzo na kuwa imara, wakati ndani hubaki vitundu vya hewa. Ukichimba sana kwa msasa mkali unavifikia. Kwenye kava ya klachi kuna kovu moja la jiwe nililoamua kuliacha, lililolainishwa kingo, kuliko kulifuata mpaka nitoboe ngozi na kupata vitundu vingi pembeni yake. Nadhani uamuzi huo ni sahihi kwa kava yoyote ya kumimina.

Uso unaokaa gasketi nimeufunika kwa tepu ngumu muda wote. Haung'arishwi, haupigwi msasa.

Gurudumu limekwenda haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu msasa ulikuwa umeshamaliza kazi. Pamba iliyoshonwa yenye pasta ya kahawia ya kukata, kisha pamba isiyoshonwa yenye pasta nyeupe. Kila pasta na gurudumu lake, hazichanganywi. Kipande kinashikwa chini ya usawa wa katikati ya gurudumu, na mzunguko uwe unatoka nje kupitia ukingo, usiingie dhidi yake. Gurudumu likinasa ukingo linakunyang'anya kava na kuitupa. Michirizi myeusi ikitokea, pasta imezidi au gurudumu limejaa uchafu: safisha gurudumu, usiongeze nguvu.

Grainda ninayosagia chuma iko upande mwingine kabisa wa chumba. Unga wa alumini ukichanganyika na kutu ya chuma ndio mchanganyiko wa thamiti, unaowaka kwa joto kali sana, na cheche za grainda zipo tayari. Tope la msasa nalo silifungii kwenye chombo chenye kifuniko, kwa sababu unga wa alumini ukiwa na maji hutoa hidrojeni polepole.

Baada ya gurudumu nilipaka unga wa wanga kwa kitambaa laini, ukafyonza mafuta ya pasta. Ndani ya kava niliosha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, nikapitisha brashi nyembamba kila tundu na kila njia ya oili, nikapuliza kwa upepo wa kompresa. Hapo sikuwa na haraka hata kidogo, maana msasa uliobaki ndani unakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Sikurudisha vanishi. Uso laini namna hii hauishiki vizuri, na likiingia jiwe moja ile mistari myeupe inarudi. Nimepaka nta, na nitairudia kila baada ya kuosha. Sabuni za kutoa grisi zenye magadi makali na dawa za rimu zenye asidi zinaifubaza alumini tupu, kwa hiyo ni sabuni laini tu. Bolti za chuma zimepakwa grisi kabla ya kufungwa ili chuma na alumini visilane penye unyevu.

Kava ya magneto ikifika 1500 navua shokapu. Ile miguu ni mirefu na ya duara, nitaisugua kwa utepe wa msasa ukizungushwa kama kitambaa cha mpiga viatu rangi, namba za mwisho nikienda kwa marefu. Masikio yanayoshika kalipa ya breki na pale ekseli inapopita sitapagusa. Sili mpya za oili na za vumbi tayari ninazo, kwani za zamani zikishatolewa hazirudishwi.