Nilivyouguza mbavu baada ya ajali ya bodaboda

Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye kokoto, nikaangukia kifua kwenye ukingo wa mtaro. Damu haikutoka hata tone, lakini kila nikivuta pumzi nilisikia kisu ubavuni, upande wa kushoto. Eksirei ilionyesha mbavu mbili zina ufa, mapafu mazima. Daktari alinipapasa tumbo pia, kwa sababu bandama hukaa nyuma ya mbavu za chini upande huo na huweza kupasuka.

Nilirudi nyumbani na dawa za maumivu tu. Shangazi akaja na kanga.

"Mwanangu, mbavu zisipofungwa zitaunga vibaya."

"Shangazi, wamekataza. Kifua kikibanwa pafu halijai hewa, makohozi yanatuama, mwisho wake nimonia."

Hakuridhika, ila kunifunga aliacha. Ile kanga akaikunja ikawa kifurushi kinene, nami nikawa naikumbatia kifuani kila kikohozi kinapokuja. Ukiishika kwa nguvu juu ya pale panapouma, mbavu hazichezi sana na makohozi yanatoka. Kwangu hiyo ilifaa kuliko kitu kingine chochote.

Kazi kubwa ilikuwa kupumua. Maumivu yanakufundisha kuvuta pumzi fupi fupi, na hapo ndipo hatari ilipo. Redio ilipotoa habari za kila saa, nilikaa wima, nikavuta hewa taratibu kwa pua hadi kifua kijae, nikaishikilia kidogo, nikaitoa. Mara 10 hivi. Dawa nilikunywa kwa saa zake bila kungoja maumivu yapande, maana bila dawa hakuna kupumua vizuri wala kukohoa. Wapo wanaosifu kuvumilia. Kwa mbavu, naona kuvumilia kunaumiza mapafu.

Usiku nililala nimeegemea mito, nusu kukaa. Kuamka nilijigeuza ubavu mzima kwanza, nikashusha miguu, kisha nikajisukuma kwa mkono.

Niliagizwa nirudi hospitali mara moja nikipata homa, nikikohoa damu, pumzi ikizidi kubana, au tumbo na bega la kushoto vikianza kuuma. Havikutokea. Mifupa hii kwa kawaida huunga ndani ya wiki 6 hivi, na hata baada ya hapo chafya iliendelea kuniuma. Ndoo ya maji nilianza kuibeba ikiwa nusu, kwa mkono wa kulia.